Waliozidishiwa na Waliopunjwa

Mjukuu wangu, aliyezaliwa na kukulia Maryland huko Marekani, ana maneno mawili ambayo hayamtoki kinywani anapozungumza juu ya wachezaji wa mpira wa nchi ile. Fulani, husema, amezidishiwa, fulani amepunjwa. Kwa Kiswahili maneno hayo nilimpa mimi mwenyewe. Yale ya Kiingereza aliyokuwa akiyatumia hayakuniingia vizuri, nikajiuliza ni wapi Waswahili hugombania jambo hilo hilo, nikaona kwamba ni sokoni. Muuza mchele akikujazia kibaba mpaka kikaota kilele, amekuzidishia. Akisawazisha kwa kiganja huku kidole gumba chake kimo ndani ya kibaba, amekupunja. Kijana alicheka sana kwa habari ya kile kidole gumba, na tangu siku ile hataki tena maneno mengine.

Mabishano yenyewe niliyakuta sebuleni kwa binti yangu, Jumapili moja ya majira ya mpira. Mjukuu alikuwa upande mmoja, baba yake, yaani mkwe wangu, upande wa pili, na aliyegombaniwa ni Lamar Jackson wa timu ya Baltimore Ravens. Mkwe wangu alishikilia kuwa Jackson amezidishiwa. Ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, kwa misimu ya 2019 na 2023, lakini hadi mwisho wa msimu wa 2024 alikuwa hajaifikisha timu yake kwenye fainali yao kuu, Super Bowl. Kijana alishikilia kuwa amepunjwa. Mwaka 2018, vilabu vilipokuwa vikichagua vijana wapya kwa zamu, Jackson alipitwa mpaka nafasi ya 32. Wenzake 4 wa nafasi hiyo hiyo walichukuliwa kabla yake, na walikuwapo wataalamu waliosema afadhali aache kurusha mpira, awe mpokeaji. Walipochoka kuzozana wakanigeukia mimi. "Babu, wewe umesahihisha watu maisha yako yote. Amua."

Niliwaambia kwamba siujui mchezo huo. Haikuwa kweli kabisa, kama nitakavyoeleza.

Kwa msomaji ambaye hajauona, nitasema machache tu. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kuusogeza mbele yadi 10, kiasi cha mita 9 hivi. Ikifaulu hupewa nyingine 4, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho ndilo bao lao kubwa, lenye alama 6. Anayepokea mpira kila shambulio linapoanza huitwa kwotabeki. Ana sekunde mbili au tatu za kuangalia nani yuko wazi, huku majitu yenye uzito wa zaidi ya kilo 120 yakimkimbilia ili yamwangushe. Aurushe mbali, aukabidhi kwa mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe: uamuzi ni wake. Ndiye mshika usukani. Jahazi likifika salama husifiwa yeye, likipanda mwamba hulaumiwa yeye, ijapokuwa tanga lilishikwa na wengine na upepo haukuwa wa mtu.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mkimbiaji wa mita 100 hushindana na saa. Kwotabeki hawezi hata kurusha pasi moja iwapo watu 5 walio mbele yake hawakumlinda, na pasi nzuri kuliko zote huwa si kitu ikiwa mpokeaji ana mikono ya mbao. Unamtoaje mtu mmoja katika kazi ya watu 11, ukampa alama zake peke yake?

Mjukuu wangu ana mfalme wake wa waliozidishiwa, naye ni Joe Namath. Namath aliingia New York Jets mwaka 1965 kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa dola 427,000, fedha za kutisha kwa siku zile. Alikuwa kijana mtanashati, mpenda makoti ya manyoya na usiku wa mjini. Timu yake ilikuwa ya ligi changa, AFL, ambayo wakubwa wa ligi kongwe, NFL, waliidharau. Mwezi Januari 1969 Jets walikutana na Baltimore Colts katika Super Bowl ya tatu, na wapiga bahati nasibu waliwapa Colts ushindi wa alama kama 18. Siku chache kabla ya mchezo Namath alisimama mbele za watu akaahidi kwamba Jets watashinda. Wakashinda kweli, 16 kwa 7, naye akatangazwa mchezaji bora wa siku ile.

Sasa tazama daftari. Siku ile Namath hakurusha hata pasi moja ya bao. Bao kubwa pekee la Jets lilifungwa na Matt Snell, aliyekimbia na mpira jumla ya yadi 121. Alama nyingine zilitokana na mikwaju ya Jim Turner. Walinzi wa Jets walidaka pasi 4 za Colts. Katika robo ya mwisho Namath hakurusha pasi yoyote. Na katika maisha yake yote ya ligi alirusha pasi 173 za mabao, na 220 zilizodakwa na adui. Mjukuu wangu huzitaja tarakimu hizo mbili kama mwendesha mashtaka anayemwonyesha hakimu kisu chenye damu.

Nami nikamwambia: mwanangu, ngoja. Msimu wa 1967 mtu huyo alirusha yadi 4,007 katika michezo 14, na kabla yake hakuna mchezaji wa ligi ya kulipwa aliyewahi kufikisha 4,000. Alicheza kwa magoti mabovu yaliyopasuliwa mara kwa mara. Na enzi zake mlinzi aliruhusiwa kumsukasuka mpokeaji njia nzima. Ni mwaka 1978 tu sheria zilipobadilishwa, mlinzi akakatazwa kumgusa mpokeaji baada ya yadi 5 za mwanzo, na wale wa kumkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Tangu hapo kurusha mpira kumekuwa kazi nyingine. Namath alifikisha pasi 50 kati ya kila 100. Leo kwotabeki wa hesabu hiyo hapati kazi, lakini wakati wake hesabu hiyo haikumtia mtu aibu.

Kijana akanijibu kwa kutaja kipimo. Maana wanacho kipimo, na mwalimu yeyote angekionea wivu. Kilitungwa mwaka 1973. Huchukua mambo manne: pasi ngapi kati ya mia zimefika, kila jaribio limeleta yadi ngapi, limeleta mabao mangapi, na limedakwa mara ngapi. Mambo hayo hukorogwa pamoja kwa kanuni ambayo wapenzi wengi wa mpira hawawezi kuifanya bila mashine, na alama ya juu kabisa si 100, bali 158.3. Kwa nini 158.3, Mungu ndiye ajuaye na wale waliokaa kwenye kamati. Namath ana 65.5 ya maisha. Kipimo hicho hakihesabu mbio za kwotabeki mwenyewe wala mara alizoangushwa na mpira mkononi. Hakijui kama alirusha katika dakika ya mwisho timu ikiwa nyuma, au wakati watazamaji wameshaanza kwenda nyumbani.

Mkwe wangu hataki tarakimu. Kipimo chake ni pete, kwa kuwa washindi wa Super Bowl huvishwa pete. Asiye na pete, kwake yeye, amezidishiwa. Nilimkumbusha Dan Marino wa Miami, ambaye msimu wa 1984 alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za mabao, mambo ambayo watu hawakudhani yanawezekana. Alifika Super Bowl mara moja, akafungwa, hakurudi tena. Halafu yuko Trent Dilfer wa Baltimore. Ana pete ya Januari 2001, aliyoipata nyuma ya ulinzi uliokuwa kama ukuta wa ngome, na klabu yake yenyewe ilimwacha baada ya msimu ule ule. Waliokuwa naye waliona kwamba pete haikuwa yake peke yake. Mkwe wangu akasema Dilfer ni kesi ya pekee. Nimewasikia walimu wengi wakisema hivyo juu ya mwanafunzi anayeharibu kanuni yao.

Na mwaka 1994 mambo yalizidi kuvurugika. Kwotabeki alianza kuwekewa redio katika helmeti yake, kocha akawa anamnong'oneza shambulio gani lipigwe. Terry Bradshaw wa Pittsburgh, aliyetwaa Super Bowl 4 katika miaka ya sabini, alikuwa akijichagulia mashambulio mwenyewe, ilhali watu walimwita mjinga. Kabla ya Super Bowl ya Januari 1979 mlinzi mmoja wa Dallas, Thomas Henderson, alitangaza kuwa Bradshaw hawezi kuandika neno la herufi tatu hata akisaidiwa mbili. Bradshaw akamjibu kwa pasi 4 za mabao, na Pittsburgh wakashinda 35 kwa 31. Kumbe kulikuwa hata na mtihani wa akili, maswali 50 kwa dakika 12, waliofanyishwa vijana wanaoingia ligi, mpaka ligi ilipouacha mwaka 2022. Mimi nimetunga mitihani miaka mingi, na sijui swali gani la karatasi lingempima mtu anayeamua kwa sekunde tatu huku anakimbiliwa.

Mpaka hapo sote watatu tulikuwa tukibishana kwa furaha. Niliharibu furaha hiyo mimi mwenyewe, kwa kukumbuka.

Mwaka 1988 nilikuwa Marekani kwa masomo ya shahada ya pili, katika chuo kimoja cha kaskazini, kwenye theluji ambayo sikutaka kuizoea. Jumapili ya tarehe 31 Januari wanafunzi walijazana katika ukumbi wa bweni kutazama Super Bowl, Washington dhidi ya Denver. Nilikwenda kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto kuliko chumba changu. Nilikaa karibu na mzee mmoja, mpishi wa bweni, Mmarekani mweusi, ambaye alikuwa bado na aproni yake. Ndiye aliyenieleza sheria, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Kwotabeki wa Denver alikuwa John Elway, kipenzi cha magazeti. Kwotabeki wa Washington alikuwa Doug Williams. Mzee aliniambia kuwa Williams ni mtu mweusi wa kwanza kuanza Super Bowl katika nafasi hiyo. Nilidhani sikumsikia vizuri. Timu zote mbili zilijaa weusi uwanjani. Nikamwuliza, hawa je? Akasema hao wanakimbia, wanakaba, wanadaka. Nafasi ile ni ya kufikiri.

Denver walipata alama 10 upesi. Williams aliteleza, goti likapinda, akatolewa, ukumbi ukanong'ona. Baada ya mashambulio mawili akarudi. Siku iliyotangulia alikuwa ametibiwa jino hadi kwenye mzizi. Basi ikaja robo ya pili. Pasi ya kwanza kwa Ricky Sanders, yadi 80, bao. Kisha kwa Gary Clark, bao. Kisha Timmy Smith akakimbia yadi 58, bao. Kisha Sanders tena. Kisha Clint Didier. Alama 35 katika robo moja, pasi 4 za mabao. Mchezo ulikwisha 42 kwa 10, na Williams akawa mchezaji bora wa siku ile kwa yadi 340.

Wanafunzi walipiga kelele, lakini mzee hakupiga. Kila bao alitaja jina. Mwanzoni nilifikiri anataja wachezaji walio uwanjani, nikawatafuta kwenye televisheni nisiwaone. Baadaye nilimwuliza. Akanieleza kwamba wale walikuwa wamekwisha kucheza, au walikuwa hawakuruhusiwa kucheza. Nisingeweza kulisahau jambo hilo, maana lilinijia kama rejesta ya mahudhurio inayosomwa darasani, na mwalimu ndiye anayejua kwa nini kila mmoja hayupo.

Alimtaja Willie Thrower, aliyeingizwa na Chicago Bears mwaka 1953, akarusha pasi 8, na msimu uliofuata hakuwa nao tena. Alimtaja James Harris, ambaye mwaka 1969 alianza mchezo wa kwanza wa msimu kwa Buffalo, kisha akaivusha Los Angeles Rams katika mchezo wa mtoano wa msimu wa 1974. Mwaka 1976 Harris aliongoza konferensi yake kwa kile kile kipimo cha 158.3, na mwaka uliofuata alikuwa ameshauzwa San Diego. Mjukuu wangu, ambaye huamini kipimo kuliko macho yake, alinyamaza kidogo nilipomwambia hilo.

Alimtaja Joe Gilliam wa Pittsburgh. Msimu wa 1974 Gilliam aliichezea timu michezo 6 ya mwanzo, wakashinda 4, wakatoka sare mmoja na kufungwa mmoja. Alikuwa akipokea barua za vitisho. Aliwekwa kando, akarudishwa Bradshaw, na Pittsburgh wakatwaa taji. Inawezekana kocha alikuwa sahihi, ushindi haukanushiki. Lakini Bradshaw huyo huyo, mwaka wake wa kwanza, 1970, alirusha pasi 6 za mabao na 24 zilizodakwa, na bado alipewa miaka ya kukua.

Alimtaja Warren Moon, mchezaji bora wa mchezo mkubwa wa vyuo wa Januari 1978, ule wa Rose Bowl, ambaye hakuna klabu ya NFL iliyomtaja katika uteuzi wa mwaka ule. Alikwenda Kanada kuchezea Edmonton, wakatwaa kombe la nchi ile miaka 5 mfululizo, 1978 hadi 1982, ndipo mlango wa kwao ukafunguliwa. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa huko Canton, Ohio, kwotabeki mweusi wa kwanza.

Na Williams mwenyewe. Tampa Bay, timu iliyofungwa michezo yake 26 ya mwanzo tangu ianzishwe mwaka 1976, ilimchukua mwaka 1978, naye akaifikisha kwenye michezo ya mtoano mara 3 katika misimu 5. Mshahara wake wa 1982 ulikuwa dola 120,000, chini ya wale waliokaa benchi kwingineko. Walipokosa kuafikiana aliondoka. Mwaka 1983 mke wake akafariki. Akachezea ligi nyingine, ikavunjika. Washington wakamchukua kuwa akiba. Huyo ndiye niliyemwona.

Elway, aliyefungwa siku ile, alikuwa ameshafungwa fainali ya mwaka uliotangulia, akafungwa tena mwaka 1990, 55 kwa 10. Kwa miaka mingi waliitwa watu kujadili kama amezidishiwa. Mwezi Januari 1998 akashinda hatimaye, na siku ile alirusha yadi 123 tu, bila pasi ya bao. Aliyebeba timu ni mkimbiaji Terrell Davis, aliyefunga mabao makubwa 3. Hakuna aliyesema tena kuwa Elway amezidishiwa. Nilimwambia mkwe wangu: hebu angalia, alipunguziwa sifa miaka aliyofanya kazi peke yake, akarudishiwa siku aliyosaidiwa. Lakini kumbuka pia kwamba alikuwa na muda wa kufungwa mara 3. Ili mtu azidishiwe, sharti kwanza awekwe kwenye mizani, na aachwe hapo. Wale wa rejesta ya mpishi hawakubahatika hata kufikia kuzozaniwa.

Jina moja nimelibakiza. Ni Marlin Briscoe. Mwaka 1968 Denver walimchukua kama mlinzi. Yeye aliomba ajaribiwe kwanza kuwa kwotabeki, wakakubali shingo upande. Wenye nafasi walipoumia na kushindwa, akaingizwa, akarusha pasi 14 za mabao msimu ule. Mwaka uliofuata hawakumpa nafasi hata ya kuigombania, akaomba aachiwe. Buffalo wakamfanya mpokeaji. Akawa mpokeaji hodari mno. Alikuwamo katika timu ya Miami ya 1972 ambayo haikufungwa mchezo hata mmoja, akapata pete mbili. Alifariki mwaka 2022. Mpishi aliniambia kwamba watu humtaja Briscoe kama ushahidi kuwa waliombadilisha waliona mbali: si unaona alivyofanikiwa?

Ningependa kusema kwamba usiku ule, nikirudi chumbani kwangu kwenye theluji, nilimkumbuka mwanachuo wangu mmoja. Sikumkumbuka. Nilimkumbuka miaka zaidi ya thelathini baadaye, sebuleni Maryland, katikati ya sentensi niliyokuwa nikimwambia mjukuu wangu, nikashindwa kuimaliza.

Mapema miaka ya themanini, nikiwa mkufunzi, nilikuwa katika kamati iliyowagawa wanachuo katika masomo watakayobobea. Alikuwapo msichana mmoja aliyepata alama za juu za hesabu katika mwaka wake. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo. Niliandika katika fomu yake kwamba anafaa zaidi Sayansikimu, kwa kuwa madarasa ya juu ya hesabu yana wavulana wakubwa watakaomshinda. Niliandika kwa nia njema kabisa, na kamati ikakubali bila mjadala. Wala sikuwa peke yangu, lakini mwandiko ule ni wangu.

Mwaka 1994 tulikutana katika semina ya walimu. Alikuwa amekuwa mwalimu wa Sayansikimu anayetajwa katika mkoa mzima. Nilimtambulisha kwa wenzangu kwa majivuno, nikasema mnamwona huyu, mimi ndiye niliyemwelekeza. Aliniamkia kwa adabu, tukacheka, tukanywa chai. Wakati wa kuagana aliniuliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, siku zote nilitaka kukuuliza. Ulipoandika yale, ulikuwa umeniona nikifundisha hesabu katika somo gani?"

Nilimjibu kuwa ni zamani mno, sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri. Sikuwahi kumkagua katika hesabu hata mara moja. Nilikuwa nimempa alama kwa somo ambalo hakulifundisha, kisha miaka kumi na zaidi nikautumia ustadi wake wa Sayansikimu kama hati ya kuthibitisha kwamba nilimpima sawasawa. Sijui angekuwa mwalimu gani wa hesabu. Huenda angekuwa wa kawaida tu. Hilo nalo alikuwa na haki ya kulijua.

Niliwasimulia mkwe na mjukuu wangu habari hiyo, na kwa muda televisheni ikawa inazungumza peke yake. Halafu mkwe wangu, ambaye ni mtu wa haki, akasema kwamba kwa Lamar Jackson hali si hiyo. Waliotaka awe mpokeaji walikuwa wamemwona akirusha. Alikuwa ameshatwaa mwaka 2016 tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, Heisman, akiwa kwotabeki. Nilikubali. Kesi yake ni ngumu zaidi kwa sababu hiyo: kuna watu walitazama na bado hawakuona. Ila nilimwambia mkwe wangu kwamba ubishi wake mwenyewe unanifurahisha. Tarehe 12 Februari 2023 makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, walianza Super Bowl moja kwa mara ya kwanza. Kansas City ya Mahomes ilishinda 38 kwa 35, ingawa Hurts alifunga mabao makubwa 3 kwa miguu yake. Mkwe wangu anakiri kuwa wiki nzima kabla ya mchezo yeye na wenzake walibishana juu ya kifundo cha mguu wa Mahomes, kilichokuwa kimeumia, na kama mlima wa sifa zake ni wa haki. Mpishi wangu angefurahi kusikia watu wakisema kwotabeki mweusi amezidishiwa, na wakasema kwa sababu za mpira.

Kabla sijaondoka, mjukuu alinipeleka Baltimore kuona uwanja. Nje yake imesimama sanamu ya Johnny Unitas, kwotabeki wa Colts wa zamani, yule aliyeanza kwenye mchezo maarufu wa Desemba 1958 ambapo Baltimore waliishinda New York Giants 23 kwa 17 katika muda wa ziada. Kijana alikuwa amevaa jezi namba 8 ya Jackson. Akasugua kiatu cha sanamu kwa kiganja, kama watu wa pale wanavyofanya kutafuta bahati. Nikamwuliza huyu je, yuko upande gani?

"Huyu hagombaniwi, Babu."

Ndipo nikamwambia kwamba mwaka 1955 klabu ya Pittsburgh, ya mji aliozaliwa, ilimchagua katika duru ya 9, ikamweka kambini, haikumruhusu kurusha pasi hata moja katika michezo ya majaribio, kisha ikamwacha. Unitas akaenda kuchezea timu ya mtaani kwa dola 6 kwa mchezo, mpaka Baltimore walipomwita mwaka 1956.

Alikitazama kile kiatu, kisha akaniuliza ni nani aliyeamua kumwacha.

Nikamjibu kwamba alikuwa kocha, na makocha wa kambi ile walikuwa wameshamwona mazoezini.

"Lakini si mchezoni," akasema.

Tukaenda kutafuta maegesho tulikoacha gari.